Mama Mkwe na Mbingu ya Kuchora

Mama mkwe wangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, mwanawe alipoingia na habari kwamba likizo ya Desemba tunakwenda Las Vegas. Mbuzi ile alikuja nayo kutoka Tanga ndani ya sanduku, imeviringishwa kanga, maana hakuamini kwamba huku Phoenix angepata ya kumfaa. Akasimamisha mkono.

"Huo si mji wa kamari?"

"Ni mji wa majumba, Mama. Kamari wanacheza wanaotaka."

"Na sisi tutalala wapi?"

Baba Salma, mume wangu, akakohoa. "Humo humo majumbani."

Wenzake kazini walikuwa wamemwambia kwamba wiki ile kabla ya Krismasi vyumba hushuka bei, na kwamba kwa kutembea barabara moja mtoto ataona Paris, Venice, Roma, Misri na New York. Salma, mwenye miaka 12, alikwisha tazama picha zote na kuzionyesha kwa mdogo wake Twaha. Kukataa wakati ule kungekuwa kuwavunja watoto moyo, na Mama si mtu wa kuwavunja wajukuu moyo. Akakubali kwa masharti. Mkono wa mtu yeyote wa nyumba hii usiguse mashine ya kamari. Chakula atapika yeye. Na swala zake tano zisimpite, hata moja.

Masharti mawili ya kwanza yalikuwa mepesi. Hilo la tatu ndilo lililoendesha safari nzima.

Tulipika siku mbili. Maandazi, chapati, kachori, samaki wa kukaanga, kuku wa kupaka, vyote vikapangwa ndani ya kasha la barafu pamoja na insulini ya Mama. Ukutani jikoni palikuwa na karatasi ya msikiti wetu yenye saa za swala za Desemba. Akaibandua, akaikunja na kuitia mkobani. Tuliondoka baada ya alfajiri.

Barabara ya kutoka Phoenix kwenda Las Vegas hupita karibu na Bwawa la Hoover, mpakani mwa Arizona na Nevada, na Baba Salma alitaka Mama alione. Ni ukuta wa zege wenye kimo cha mita 221, uliozinduliwa mwaka 1935 na Rais Franklin Roosevelt. Nevada iliruhusu kamari kwa sheria mwaka 1931, mwaka ule ule ujenzi wa bwawa ulipoanza, wakati nchi nzima imebanwa na ukosefu wa kazi. Kwa hiyo maji ya mji na riziki ya mji vina umri mmoja. Majini husimama minara, na miwili kati yake ina saa kubwa za mshale: mmoja wa upande wa Nevada, mwingine wa upande wa Arizona. Wakati wa kiangazi saa hizo huonyesha wakati mmoja, kwa sababu Nevada husogeza saa mbele na Arizona haisogezi. Desemba hupishana kwa saa nzima.

Mama alizitazama akasema, "Moja imeharibika." Baba Salma akamweleza. Kisha, kwa mapenzi ya mtoto kwa mama yake, akamshika mkono, akairudisha nyuma saa yake ya mkononi ili iwe ya Nevada. Karatasi ya swala mkobani ilibaki ya Phoenix.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa hakuna aliyejua. Jua haliujui mpaka wa majimbo. Siku zile Phoenix jua huzama saa kumi na moja na nusu jioni hivi. Las Vegas, kwa saa za huko, huzama saa kumi na nusu. Ni wakati ule ule mmoja, tofauti ni ya dakika chache tu. Saa ya Mama ikiwa bado ya Arizona, karatasi yake ingemfikisha kwenye magharibi sawasawa. Iliporekebishwa, karatasi ikawa inamchelewesha kwa saa nzima. Na mtu aliyekulia pwani ya Tanga, ambako mwaka mzima magharibi huingia saa kumi na mbili na dakika zake, haiwezi kumjia akilini kwamba kuna mahali jua linazama saa kumi na nusu.

Tukasali adhuhuri na alasiri pale pale kwa kuunganisha, kama inavyoruhusiwa msafiri, tukaendelea.

Hoteli tuliyofikia siitaji. Kutoka maegeshoni hadi kwenye lifti ilibidi tupite katikati ya ukumbi wa michezo, safari ndefu kwa mwanamke wa miaka sabini na kitu. Mashine zinalia na kuwaka kila upande. Twaha aliposimama kutazama moja yenye picha ya simba, mlinzi alikuja mara moja, kwa adabu, akasema mtoto anaruhusiwa kupita lakini haruhusiwi kusimama. Sheria ya Nevada inakataza mtu chini ya miaka 21 kukaa kwenye eneo la kamari. Mama alipotafsiriwa akamtazama mlinzi kwa heshima mpya. "Huyu kafanya vizuri," akasema. Njiani aliinua mkono akagonga nguzo mojawapo ya zile nene zinazofanana na marumaru. Ikatoa sauti ya debe tupu. Alikulia Pangani kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, na marehemu baba yake alikuwa mwashi. Akagonga ya pili, akanyamaza.

Chumbani mlikuwa na friji ndogo. Mama aliifungua ili atie insulini na samaki, akakuta imejaa: bia, divai, chupa ndogo ndogo za pombe kali, karanga, chokoleti. Hakumwita mtu. Alitandaza mfuko wa nguo chafu wa hoteli, akaanza kuzitoa chupa kwa kitambaa, moja moja, bila kuzigusa kwa kiganja. Akaufunga mfuko na kuuweka nyuma ya kabati. Chokoleti na karanga akaziacha juu ya meza. Akaifuta friji kwa maji, akapanga chakula chake. Mimi nilikuwa bafuni namwogesha Twaha. Nilipotoka nilikuta friji imejaa kachori, Mama ametandika mswala na chumba kimetulia. Niliona kafanya la maana, na hata leo naona hivyo.

Saa kumi kasoro tukatoka. Baba Salma alitaka tuanze na mbingu ya kuchora.

Majumba kadhaa ya mji ule yana mbingu ya namna hiyo. Maduka ya Forum yaliyoshikamana na Caesars Palace yaliifungua yao mwaka 1992. Venetian, lililofunguliwa 1999, lina mifereji ya maji ndani ya jengo, madaraja, na wapiga makasia wanaoimba chini ya dari la bluu lenye mawingu. Lile ambamo tulipotezana na Mama litabaki bila jina. Unaingia kutoka barabarani, unapanda, ghafla uko kwenye uwanja wa mji wa Ulaya ya zamani, na juu yako kuna anga. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba kazi ile ni nzuri. Waliochora mawingu yale walijua mawingu. Ukitazama bila kujiambia ni dari, shingo inalegea na mabega yanashuka.

Kwa mbele alisimama mtu aliyejipaka rangi ya shaba mwili mzima, kimya kama sanamu, na watoto wakamzunguka kumsubiri apepese macho. Baba Salma anapiga picha. Mimi nafunga kamba za viatu vya Twaha. Na hapo anga ikaanza kubadilika: bluu ikaingia wekundu, wekundu ukaingia zambarau, taa za madirishani zikawaka. Ndivyo dari lile lilivyopangwa, kucha na kuchwa, kisha kucha tena.

Mama alitazama juu. Akatazama saa yake: saa kumi na dakika ishirini. Karatasi inasema kumi na moja na nusu. Anga inasema magharibi. Alikuwa na vitu vitatu mkononi na kila kimoja kinasema lake, akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili hufanya: akaamua kutoka nje akalione jua kwa macho yake. Alimwambia Salma, "Natoka nje mara moja, nakuja." Salma, macho kwa mtu wa shaba, akaitika.

Kutoka nje. Niliwahi kusoma habari za Bill Friedman, aliyepata kuendesha kasino na mwaka 2000 akachapisha kitabu kikubwa juu ya ubunifu wa kasino: alitaka dari la chini, njia zenye kona, na mashine zimkabili mgeni kila anapogeuka. Walitokea pia wabunifu wa mtindo mwingine, kama Roger Thomas aliyepamba Bellagio, wakaleta nafasi na mwanga. Lakini lililo muhimu halikubadilika sana: saa ya ukutani ni shida kuiona, dirisha hulioni, na mlango wa kutokea unaufikia ukishapita kwenye michezo. Nina hasira na jambo hilo na siifichi. Mtu anaweza kujenga jumba la kifalme, akapamba, akatoza anachotaka, lakini kumficha mgeni wakati wa Mungu ni kumchukulia kitu asichokiuza.

Tulipogundua Mama hayupo, anga ya kuchora ilikuwa imekwisha kucha tena.

Simu yake haina laini ya Marekani. Baba Salma alikimbilia kwa walinzi. Wakauliza mavazi: buibui jeusi, mtandio wa kijani, kanga begani. Mimi nikaingia na watoto kwenye ukumbi wa michezo kumtafuta, na huko nilipata taabu ya ajabu. Anayemtafuta mtu hutamani asimame mahali pamoja aangaze huku na huku. Kila niliposimama, mlinzi alinisogelea: mama, watoto wasisimame hapa. Nikawa natembea tu, Twaha mgongoni, Salma analia kwa kuwa bibi yake alimwaga na yeye hakusikia. Simu ya Baba Salma ina programu ya adhana na iliadhini kwa wakati wake, mfukoni mwake, ndani ya koti, katikati ya kelele zile. Hakuna aliyeisikia.

Walinzi walimwona Mama kwenye kamera zao. Alikuwa amezunguka meza zile zile, akafuata kibao cha njia, akarudishwa alikotoka. Walipotuma mtu, alikuwa ameshaondoka pale.

Aliyemwokoa ni mwanamke wa usafi mwenye toroli la mataulo. Alimwona bibi wa kanga amesimama kwenye korido ananong'ona dua, akamsogelea. Mama hutusimulia mwenyewe: "Nikasikia Kiswahili. Kaniambia, 'Mama, uko natafuta nini?' Nikamwambia natafuta jua." Yule mama alikuwa wa Bukavu. Akamwambia jua limezama zamani, nje ni giza. Mama akaanza kutetemeka. Wakashuka kwa lifti ya wafanyakazi hadi gereji, kwenye pembe ambako madereva na wasafishaji Waislamu husali wakipata nafasi. Kutoka hapo unaiona magharibi yote, nyuma ya taa za mji: mlima mweusi, na juu yake ukanda mwembamba wa wekundu ambao haujafa. Wakati ulikuwa bado haujatoka. Mama alitia udhu kwa chupa ya maji ya yule mwanamke, akasali juu ya taulo safi la hoteli. Kisha ndipo alipotoa mkobani karatasi yenye namba ya mwanawe.

Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakula chungwa, wanazungumza habari za Ziwa Kivu. Baba Salma alipiga magoti mbele yake. Mimi nilimshika mikono yule mama wa Bukavu nikashindwa kuiachia. Alisema anatakiwa kurudi kazini, akakataa fedha, akakubali kachori.

Usiku ule mabishano yalikuwa makubwa. Baba Salma alishikilia kwamba Mama alijitaabisha bure: msafiri ana ruhusa, angeichelewesha magharibi akaiunganisha na isha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ukiichelewesha unatia nia ndani ya wakati wake. Nitatiaje nia ya wakati ambao sijui kama umeingia?"

Hakuwa na jibu. Mama akavua saa, akairudisha mwenyewe kwenye saa za Arizona, akatoa amri: kuanzia kesho, kabla ya kila swala, familia nzima inatoka nje pamoja na kutazama mbingu. Hakuna atakayebaki kwenye duka wala kwenye foleni.

Ningependa wanaopanga safari za familia wasikie hili, maana sikuona mji ule ukionekana vizuri kuliko tulivyouona kwa ratiba ya Mama. Alfajiri tulitembea barabara nzima kukiwa na baridi kali ya jangwani, wafagiaji peke yao kazini, na majumba yale bila umati yakawa mepesi kuyatazama. Salma alimsomea bibi yake habari za kila moja. Caesars Palace la mwaka 1966, la Jay Sarno, ndilo lililofungua mlango wa kumfanya mgeni ajione yuko nchi na zama nyingine. Mwaka 1989 Steve Wynn akafungua Mirage, lenye volkano mbele yake; limefungwa 2024, na volkano imezimwa. Baada yake wote wakashindana: piramidi ya Luxor 1993, yenye ghorofa 30 na lifti zinazopanda kwa mshazari kufuata ukuta, New York-New York 1997, Bellagio 1998, Venetian na Paris 1999. Mnara wa Eiffel wa Paris hiyo una urefu wa nusu ya ule wa Ufaransa, mita 165, na baadhi ya miguu yake imetoboa paa na kushuka ndani ya ukumbi wa kamari. Mama alipouona mguu wa chuma umekita kati ya meza za karata, aliugonga. Ulikuwa chuma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mbele ya Bellagio kuna ziwa la ekari nane lenye mirija zaidi ya elfu moja inayorusha maji kwa muziki, mengine yakipanda zaidi ya mita mia moja. Kabla ya 1993 palikuwa na hoteli ya Dunes, wakailipua kwa baruti. Mama alikasirishwa na maji yale. Kurusha maji angani, jangwani! Nikamweleza nilichojua: ziwa lile hujazwa na kisima kilichokuwa kikinyweshea uwanja wa gofu wa Dunes, na maji karibu yote yanayotumika ndani ya nyumba na hoteli za mji ule husafishwa na kurudishwa ziwani Mead, nyuma ya lile bwawa tulilopita. Aliridhika na jibu la pili. La kwanza hakulijibu.

Ndani ya Bellagio alisimama muda mrefu kuliko mahali popote. Darini mwa ukumbi wa mapokezi kuna maua ya kioo yapata elfu mbili, kazi ya Dale Chihuly na mafundi wake, ya kupulizwa kwa pumzi. Mama aliuliza kama ni plastiki. Nilipomwambia ni kioo, na kwamba kila ua lilipulizwa na mtu, akasema, "Mashallah," akaketi ili ayatazame vizuri. Hakuna jumba jingine alilolitamkia neno hilo.

Siku ya kuondoka ilikuja bili. Baba Salma aliisoma, akaisoma tena, sura ikambadilika. Chumba, ada ya kila siku, kodi, kisha orodha ndefu: bia, bia, divai nyekundu, divai nyeupe, wiski, jini, vodka, karanga, chokoleti. Chini ya kila kitu ndani ya friji ile kulikuwa na kihisio. Ukiondoa kitu mahali pake kwa muda mfupi, kompyuta inaandika kimenunuliwa. Mama alikuwa amenunua baa nzima kwa kitambaa.

Kijana wa mapokezi alikuwa mpole. Akasema kwa kuwa ni kosa la kueleweka, atapunguza nusu. Baba Salma alikuwa amechoka, gari limeshapakiwa, barabara ni ndefu, akatoa kadi.

"Anasema nini?" Mama akauliza. Salma akamtafsiria. Mama akaweka mkono juu ya kadi.

"Nusu ya nini? Nusu ya pombe?"

"Mama, ni fedha kidogo tu, twende."

"Sizungumzi fedha. Hapo pameandikwa jina lako kwamba umenunua pombe. Ukilipa nusu umekubali umenunua nusu."

Akavuta sanduku lake mbele ya meza, akalikalia. Foleni nyuma yetu ikarefuka. Baba Salma aliona aibu, mimi sikuona. Nilimwambia Salma ayatafsiri maneno ya bibi yake kama yalivyo, bila kuyapunguza, na mtoto akayasema yote kwa sauti iliyotulia kuliko ya sisi wakubwa. Akaitwa msimamizi, mwanamke wa makamo. Alisikiliza, akauliza chupa ziko wapi. Mama akasema, kabatini, nyuma, zimefungwa kwenye mfuko. Mtu akatumwa juu.

Alirudi na mfuko. Wakazipanga chupa mezani, wakazihesabu kwa orodha. Zote nzima, vizibo havijaguswa, zimepanguswa vumbi. Karanga pia zilipatikana, juu ya meza ya chumbani. Msimamizi akazifuta moja moja kwenye kompyuta, akachapisha bili mpya, akamkabidhi Mama badala ya Baba Salma. Mama akampa Salma, akamsimamia amsomee kila mstari kwa Kiswahili, kuanzia jina la mwanawe mpaka chini kabisa. Jini haipo. Divai haipo. Bia haipo.

Ilikuwa imebaki chokoleti. Hiyo tuliilipa, kwa sababu Twaha alikuwa ameila kweli.